Kuunganisha ruta mbili bila waya

Ndugu, umesema una ruta mbili, waifai haifiki chumba cha nyuma, na hutaki kutandaza waya. Inawezekana, ila tazama kwanza kama ruta ya pili ina hali ya kurudia mawimbi, au WDS, yaani njia ya kuunganisha ruta kwa mawimbi badala ya waya. Bila hiyo, mipangilio mingine yote ni kujichosha bure.

Ikiwa ipo, fanya kazi mezani kwanza, ruta zote zikiwa karibu. Ingia kwenye ruta ya pili kwa waya kutoka kompyuta. Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani moja, mfano 192.168.1.1, na hapo ndipo wengi hukwama: zikigongana, hata ukurasa wa mipangilio hutauona. Ya pili ipe 192.168.1.2, kisha uzime DHCP yake, yaani huduma ya kugawia vifaa anwani, ili ruta kuu peke yake igawe anwani. Halafu chagua mtandao wa ruta kuu na uweke nenosiri lake. Kwa WDS, chaneli lazima iwe moja kwenye zote mbili. Ukiiacha ruta ijichagulie chaneli, siku itakapohama muunganisho utakatika.

Ruta ya pili usiiweke chumba cha nyuma! Haiwezi kurudia mawimbi isiyoyapata. Iweke katikati ya njia.

Kasi itapungua, pengine hadi nusu, kwa kuwa redio ileile inapokea na kutuma kwa zamu. Kama zote zina bendi mbili, ziunganishe kwa 5 GHz, na vifaa vyako vitumie 2.4 GHz.