Shangazi, niende nikachubuliwe uso?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, nauza mitumba Mwanga, hapa Kigoma. Chunusi nimeanza nazo kidato cha pili, zimeniachia madoa na vishimo mashavuni. Saluni moja inasema itanichubua kwa tindikali mara moja tu, uso uwe umeng'aa kwenye sendofu ya dada, wiki tatu zijazo. Kwa sasa napaka krimu ya kuchanganyiwa. Niende?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiende.

Si kwamba kazi yenyewe mbaya. Mimi nimefanyiwa, kwa daktari wa ngozi, Dar es Salaam. Alinipaka tindikali nyepesi, asidi ya salisiliki. Uso ukawaka kama umepakwa pilipili, mara ukatoka ungaunga mweupe kama chumvi iliyokaukia kwenye ndoo, akanifuta. Siku ya tatu niko kwenye treni narudi Kigoma, ngozi ikaanza kubanduka pembeni mwa mdomo, abiria mwenzangu akasogeza mtoto wake. Hapo hakuna ubaya. Ubaya niliufanya mwenyewe: nilipofika tu, nikaenda Kibirizi kuanua dagaa saa saba mchana, kichwa wazi. Shavu la kulia likaota doa jeusi kuliko chunusi iliyonipeleka Dar, na mwaka mzima likakaa. Ngozi nyeusi ukiijeruhi inajibu kwa weusi.

Sasa hiyo krimu yako. Michanganyiko hiyo mara nyingi ina steroidi, zebaki au haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi. Steroidi inalainisha uso mwanzoni, halafu inaukondesha na kuzaa chunusi zake. Juu ya ngozi ya namna hiyo ndipo unataka kumwagiwa tindikali? Mpelekee daktari kopo lenyewe alione, maana ukiiacha ghafla uso unaweza kulipuka.

Kisha kaa dirishani na kioo, mwanga ukupige ubavuni. Palipo na weusi mtupu, kidole hakihisi kitu: hilo ni doa. Panapoweka kivuli ni shimo. Madoa hufifia kwa tindikali nyepesi, mara nne hadi sita, kila baada ya wiki mbili hadi nne. Kwa hiyo habari ya mara moja, sahau. Vishimo vyembamba kama vya sindano havitikisiki kwa hiyo, vina matibabu yake. Na chunusi mbichi zitulizwe kwanza.

Anzia hospitali ya mkoa, Maweni, uulizie aliyesomea ngozi. Wengi wao wamesomea KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi. Mwambie kama una mimba, kama aspirini inakudhuru, kama vidonda vyako huacha makovu ya kuvimba, au kama umewahi kumeza isotretinoini, dawa ya chunusi.

Sendofu nenda na poda yako. Na kofia ya ukili, ile pana, anza kuivaa kesho hapo kwenye meza ya mitumba.