Maswali na majibu: Mzee wako alivaa sare, umemuuliza nini?

Tangu niandike kuhusu wazee wetu waliotumikia polisi na jeshi, ujumbe haujakatika. Nimechagua maswali yanayogusa wengi. Mambo ya mafao na pensheni sijayagusa. Hayo yana ofisi zake.

Shikamoo. Baba yangu alistaafu polisi akiwa Sajini Meja. Kila nikimwomba anisimulie maisha yake anajibu, "Kazi ilikuwa kazi tu," kisha ananyamaza. Nifanyeje? – Binti wa afande, Ukonga

Marahaba mwanangu. Umemuuliza swali kubwa mno, ndiyo maana anakupa jibu dogo. Baba yako ameandika maelezo ya mashahidi miaka na miaka. Anajua habari hutolewa kwa mpangilio: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilitokea. Mpe mpangilio huohuo. Muulize aliingia Chuo cha Polisi Moshi mwaka gani. Alilala bweni moja na akina nani. Kituo chake cha kwanza kilikuwa wapi, na mkuu wa kituo alikuwa nani. Usiku wa kwanza alipopangwa lindo, alilinda nini, na mvua iliponyesha alijikinga wapi. Ukifika hapo hatasema tena kazi ilikuwa kazi tu.

Halafu omba karatasi. Askari wengi wa zamani wametunza barua za uhamisho kwenye bahasha ya kaki chini ya sanduku. Zipange kwa tarehe juu ya meza, umuulize moja moja. Barua inayomtoa Songea kumpeleka Tarime ina mambo ndani yake: nani alibaki na watoto, mizigo ilisafirije, kule walipokelewa vipi. Andika pia namba yake ya utumishi pamoja na herufi inayoitangulia, kwa sababu herufi hizo zimebadilika kadiri miaka ilivyokwenda na husaidia kukisia kipindi alichojiunga. Kwa askari wa kike utakuta WP.

Nikuonye mambo mawili. La kwanza, usianze na "Uliwahi kuua mtu?" Vijana wengi wanalirukia swali hilo na linaniumiza. Likiwepo la kusema atalisema mwenyewe, siku yake. La pili, akikutajia watu waliokuwa wakimpa taarifa za wahalifu, majina yao usiyaandike popote, hata kama kesi ina miaka 40. Watu hao wana watoto na wajukuu mtaani.

Naomba uniunganishe na afande yeyote mstaafu mwenye nguvu, kijana wangu aingie jeshini. – Tabata

Hapana. Swali hili linakuja kila wiki na jibu ni lilelile. Nafasi za JWTZ, Polisi na JKT hutangazwa hadharani. Anayekuambia ni mstaafu na anahitaji "ya kulainisha" ni tapeli, na pesa yako hutaiona tena. Wastaafu wa kweli ndio wanaochafuliwa majina na biashara hii.

Babu yangu alipigana Vita vya Kagera. Anasema aliingia Kampala na alimwona Idi Amin kwa macho yake akikimbia. Wajomba wanamcheka. Nitajuaje ukweli? – Mjukuu, Mwenge

Waambie wajomba waache kumcheka, maana mzee akichekwa mara moja hasimulii tena, na watakaopata hasara ni ninyi.

Sasa tupime. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akatangaza tarehe 2 Novemba kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Januari 1979 vijana wetu walikuwa Mutukula, Februari wakachukua Masaka na Mbarara, Machi wakapambana Lukaya, ambako walikutana pia na askari wa Libya. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Vita haikuishia hapo. Waliendelea kusonga hadi mipakani, na kwa kawaida mwisho wake unahesabiwa 3 Juni 1979. Amin alikwishaukimbia mji. Alipitia Libya, akaishia Saudi Arabia, akafia Jeddah mwaka 2003.

Kwa hiyo habari ya kumwona kwa macho akikimbia ina mashaka makubwa. Lakini mbona mnang'ang'ania hapo tu? Muulize babu alikuwa brigedi gani na alipita njia ipi. Kuna waliopita Masaka na Lukaya, na kuna waliopelekwa magharibi kupitia Mbarara hadi Fort Portal, ambao siku Kampala inaanguka walikuwa mbali nayo kabisa. Askari akisema "tuliingia Kampala" mara nyingi anasema kwa niaba ya jeshi zima, na ana haki hiyo. Muulize walikula nini njiani. Muulize buti zilidumu muda gani kwenye matope ya masika, maana Machi na Aprili kule ni mvua. Muulize mizinga ya "sabasaba" ilisikikaje kwa mara ya kwanza. Muulize nani hakurudi. Aliyekuwepo atakujibu bila kutafuta maneno, na majibu hayo ndiyo yenye thamani kuliko Amin.

Na kama alikwenda kama mwanamgambo, andika hivyo wazi. Wapo wanaoona aibu kusema babu alikuwa mgambo, wanampandisha cheo na kumfanya komandoo. Mgambo walitoka mashambani, wakapewa mafunzo ya muda mfupi, wakaenda kupigana na kufa. Makaburi ya mashujaa kule Kaboya, Muleba, hayakuwabagua. Kumwongezea babu cheo ni kumnyang'anya kile alichokifanya kweli.

Marehemu baba aliacha nishani imeandikwa "Utumishi Mrefu na Tabia Njema". Hiyo ni ya ushujaa vitani, sivyo? – Segerea

Sivyo. Inatolewa kwa aliyetumikia miaka mingi bila doa, na ni heshima kubwa kwa jinsi ilivyo. Msiibadilishe jina kwenye wasifu wa marehemu.

Babu alikuwa Tanganyika Rifles pale Colito mwaka 1964. Kwenye familia hatuzungumzii. Je, tumwite msaliti? – Kinondoni

Swali hili nimelisubiri. Kwanza mambo yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati ule, waliokuwa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliasi. Walidai mishahara bora na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke ili Waafrika washike uongozi. Oscar Kambona, waziri, ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Uasi ukafika hadi kambi ya Tabora. Siku ile mjini kulitokea fujo na uporaji, na watu walipoteza maisha. Tarehe 25 Januari makomandoo wa Kiingereza walishuka kutoka meli ya HMS Centaur, kwa ombi la serikali yetu wenyewe, wakawanyang'anya silaha. Jeshi lile likavunjwa. JWTZ ikaundwa 1 Septemba mwaka huohuo, Mirisho Sarakikya akiwa mkuu wake wa kwanza.

Kati ya askari wale wapo walioongoza, wapo waliofuata kwa hofu, wapo walioamshwa usiku wakakuta silaha zimekwisha gawiwa. Babu yako alikuwa yupi? Bila kuuliza hamjui, na neno msaliti mmelipachika gizani. Kama yu hai, muulize asubuhi ile alisimama wapi, nani alitoa amri, na alivyoona malalamiko ya mshahara kabla ya siku ile. Muulize vilevile kuhusu raia waliokufa mjini. Asiachwe airuke sehemu hiyo. Dai la kuongozwa na Waafrika lilikuwa na haki ndani yake. Kutumia bunduki ya umma kulidai hakukuwa na haki. Naamini yote mawili, na kijana anayeandika historia ya ukoo wake anaweza kuyaandika yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Kinachonikera ni ukimya. Familia nyingi za mji huu zina mtu aliyekuwa Colito, na zimeamua kwamba maisha ya mzee yalianza 1965. Wazee hao sasa wako kwenye miaka ya themanini na zaidi. Ukingoja msiba ndipo uulize, hutampata wa kumuuliza.

Nina picha za baba akiwa kambini na sare zake bado zipo kabatini. Naweza kuziposti mtandaoni, na kuvaa ile koti siku ya kumbukumbu yake? – Mbagala

Koti usivae. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, na mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku 7 watu wazisalimishe. Peleka. Picha ya baba na wenzake wamesimama mbele ya ukuta haina tabu. Picha inayoonyesha geti, ghala, silaha au mpangilio wa kambi ibaki kwenye albamu, hata kama ni ya zamani, kwa sababu Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 bado ipo. Nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli wakati bado yupo anayewatambua.

Mimi sikuvaa sare. Niliolewa na askari polisi, nikaishi kota miaka mingi. Wanangu wanaandika maisha ya baba yao. Na mimi nina la kusema? – Mama, Temeke

Shikamoo mama. Unalo, na wanao wasipokuuliza kitabu chao hakitakamilika.

Nani alikuwa akiitia wanga ile sare ya kaki, akaipiga pasi ya mkaa hadi mkunjo ukasimama, saa kumi alfajiri, ili afande asiandikwe makosa kwenye gwaride? Nani alipiga brasso vifungo? Wewe unajua kota ya chumba kimoja na ukumbi ililaza watu wangapi, na pazia lilipita wapi kutenganisha wazazi na watoto. Unajua jirani aliyekopesha unga wiki ya mwisho wa mwezi. Unajua habari ya uhamisho ilivyokuja katikati ya muhula, watoto wakahama shule mara nyingine tena. Unajua ulivyokaa macho wakati kuna ghasia mjini na mume hajarudi. Hayo hayamo kwenye faili la utumishi wake hata mstari mmoja.

Waambie wanao wakae na wewe peke yako, baba akiwa hayupo chumbani. Si kwamba nataka umseme vibaya. Ni kwamba mzee aliyezoea kutoa amri atakusahihisha kila sentensi, nawe utanyamaza. Na kama kazi ile ilileta ulevi au ngumi nyumbani, useme kadiri utakavyo wewe, na waandike kadiri utakavyoruhusu.

Hapa niongeze jambo kwa askari walio kazini, ingawa mama hakuliuliza. Kota si yako. Nimeona familia inapakia magodoro kwenye kirikuu, mzee amestaafu, kiwanja hakuna, kiinua mgongo bado hakijaingia, na kikiingia kinakuta watu watano wenye "mradi wa uhakika". Nunua kiwanja ukiwa koplo. Usingoje cheo.

Nirekodi kwa simu au niandike? – Sinza

Vyote. Rekodi kwa ruhusa yake, hamisha faili siku hiyohiyo mahali pa pili, kisha andika.

Ile Sanamu ya Askari pale Posta ni ya nani? Kuna anayesema ni babu wa babu yake. – Kigamboni

Ni ya mtu yeyote na si ya mtu mmoja. Iliwekwa mwaka 1927 makutano ya mitaa ya Samora na Maktaba, kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ina maandishi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Simameni muisome badala ya kupigia picha tu. Mtakuta sifa, lakini jina la mtu hamtalikuta.

Hilo ndilo linalonifanya niandike safu hii. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita ile. Wapagazi wetu wamo humo. Walibeba risasi na unga mabegani, wakafa kwa kuhara na malaria, na hakuna aliyeona haja ya kuandika kwamba huyu alikuwa fulani bin fulani wa kijiji fulani.

Baba mkubwa wa baba yangu alikwenda Burma na Keya, hakurudi. Nianzie wapi kumtafuta? – Magomeni

Anza na wazee wa ukoo: jina lake kamili, jina la baba yake, wilaya aliyoandikishwa. Askari wengi wa Tanganyika walioingia Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, walikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Bonde la Kabaw mwaka 1944. Kisha ingia kwenye orodha ya Tume hiyohiyo ya Makaburi, iko wazi mtandaoni na haina malipo. Tafuta kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Rangoon, uliopo Taukkyan, ambao una majina ya askari wa Afrika Mashariki waliokosa makaburi. Usiandike jina kama mnavyoliandika nyumbani tu. Karani aliandika alichosikia, hivyo jaribu R mahali pa L, ondoa H, jaribu jina moja bila la baba. Usipopata, nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga ukaulize majalada ya wilaya aliyoandikishwa, na uende na kitambulisho.