Bolti imeniponyoka kwenye injini: je, niwashe gari?

SWALI: Niliondoa manifoldi ya kuingiza hewa kwenye injini yangu ya silinda sita ili nizifikie plagi za upande wa nyuma. Wakati wa kurudishia, bolti moja inayofunguliwa kwa spana namba 10 iliniponyoka. Niliisikia ikigonga chuma mara mbili, kisha kimya. Kati ya matundu matatu ya kupitishia hewa silindani ya upande huo, mawili nilikuwa nimeyaziba kwa kitambaa, lakini la tatu lilikuwa wazi. Nimeitafuta jioni nzima bila mafanikio. Fundi mmoja ameniambia nifunge bolti nyingine yoyote ya namba 10 na niwashe gari, kwa sababu iliyopotea itadondoka yenyewe barabarani. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Usiufuate. Usiguse ufunguo wa gari mpaka umelichungulia hilo tundu la tatu na kuridhika kwamba lenyewe na silinda yake ni tupu.

Kauli ya "itadondoka yenyewe" imeua injini nyingi kuliko uchakavu wa mafuta, angalau miongoni mwa zile zinazoletwa kwangu zikiwa zimekwisha kugonga. Inadumu kwa sababu mara nyingi huonekana kuwa kweli: bolti nyingi zinazoponyoka huangukia nje ya injini, hukwama juu ya giaboksi, nyuma ya altaneta (mtambo unaochaji betri) au kwenye kifuniko cha plastiki kilichofungwa chini ya injini, na gari huendelea kutembea miaka mingi bila madhara. Fundi aliyebahatika mara kadhaa hugeuza bahati yake kuwa kanuni, kisha akamgawia mteja ambaye hana njia ya kujua tofauti.

Tofauti yenyewe ni hii. Bolti iliyoingia kwenye tundu la hewa haina njia ya kutokea chini. Ikiwa valvu ya silinda hiyo, yaani mlango unaoingiza hewa ndani yake, imefunga, bolti imelala juu yake. Ikiwa imefunguka, huenda bolti imekwisha kuingia ndani ya silinda. Katika injini nyingi, pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kati ya sehemu ya ukingo wake na kichwa cha silinda ni kama milimita 1, nayo bolti yako ina unene wa milimita 6. Injini ikiwa katika mzunguko wa polepole, tuseme mizunguko 750 kwa dakika, pistoni hupanda juu zaidi ya mara 12 kila sekunde. Pistoni ni ya aluminiamu na bolti ni ya chuma, kwa hiyo hakuna haja ya kubashiri ipi itaumia. Valvu hupinda, ncha ya plagi huvunjika, na vipande vinaweza kurudi kwenye manifoldi na kuvutwa na silinda ya jirani. Wapo pia wanaosema kwamba bolti "itatoka na moshi". Hao sina la kuwajibu.

Kosa la pili ni dogo kwa sura lakini si dogo kwa madhara: kuzungusha injini kwa mkono ili "kuona kama inakwama". Iwapo bolti imelala juu ya valvu iliyofunga, kuzungusha ndiko kutakakoifungua valvu hiyo na kuidondosha silindani. Vivyo hivyo upepo wa kompresa, ambao vijana wa gereji huupuliza kila mahali kwa imani kwamba vumbi na bolti ni kitu kimoja. Ukiupuliza kwenye tundu la hewa, unaisukuma bolti kule usikotaka iende.

Tenganisha waya hasi wa betri, si kwa ajili ya stata (mota ya kuwashia injini) tu, bali pia kwa sababu feni ya rejeta katika magari mengi huweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na vidole vyako vitakuwa karibu nayo. Kisha chungulia tundu la tatu kwa taa na kamera nyembamba ya mrija, aina inayounganishwa na simu. Ukiiona bolti juu ya valvu, itoe kwa sumaku ya fimbo. Sumaku hizo zina kero moja: hunasa kila ukuta wa chuma unaopita kabla hazijafika zinakotumwa. Ivalishe mrija wa plastiki ubavuni, ibaki ncha tu, nayo itashuka bila kukwama. Kumbuka pia kwamba sumaku haitaivuta aluminiamu, shaba wala plastiki, na kwamba skrubu nyingi za chuma kisichoshika kutu haziitikii. Hizo hutolewa kwa kibanio kirefu au kwa mrija mwembamba uliounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi.

Ikiwa tundu ni tupu lakini valvu yake imefunguka, toa plagi ya silinda hiyo na upitishe kamera humo. Hapa ndipo wengi wanapofadhaika: bolti inaonekana, sumaku inaishika, lakini haitoki. Kichwa cha namba 10 kina takriban milimita 11.5 kikipimwa kona hadi kona. Hupita kwenye tundu la plagi ya milimita 14 endapo hakina ukingo mpana wa washa, ila hakipiti kwenye tundu la plagi ya milimita 12, ambayo hutumika katika injini nyingi za sasa. Ikifika hapo, unaweza kujaribu kuirudisha kupitia njia ya valvu iliyofunguka, lakini isipokubali, kichwa cha silinda kitafunguliwa. Ni kazi kubwa, ila ni ndogo kuliko ile itakayofuata ukiwasha.

Matundu yote na silinda zote zikithibitika kuwa tupu, hatari kubwa imepita, na kutoipata bolti yenyewe si msiba. Unachotakiwa kujua kwa hakika ni mahali isipokuwepo: ndani ya njia ya hewa, kwenye mikanda na puli zake, kwenye feni, na karibu na nguzo ya umeme ya altaneta, ambako kipande cha chuma huweza kuunganisha umeme mkuu na bodi. Mkanda wa taimingi usiutilie shaka ikiwa hukufungua kifuniko chake. Kifuniko cha plastiki cha chini ukifungue hata kama unaona uvivu, kwa sababu mara nyingi bolti hukutwa humo, imezama kwenye tope la mafuta.

Sasa niseme juu ya "bolti yoyote ya namba 10", kwa kuwa ushauri huo unanikera kuliko ule wa kwanza. Namba 10 ni upana wa kichwa tu, haisemi chochote kuhusu shina. Mara nyingi kichwa hicho huwa na shina la milimita 6, lakini urefu hutofautiana, na katika vipimo vikubwa hata nafasi kati ya nyuzi hutofautiana: bolti yenye shina (si kichwa) la milimita 10 na nafasi ya nyuzi ya milimita 1.5 ikilazimishwa kwenye tundu la nyuzi za milimita 1.25 hulichana tundu zima la aluminiamu. Bolti iliyozidi urefu hugota mwisho wa tundu kabla haijabana manifoldi, na mkono hudanganyika kuwa imekaza. Iliyo fupi hushika nyuzi chache, kisha huzing'oa.

Fundi kishoka hujua kwamba bolti yake haibani, ndiyo maana huizungushia silikoni. Hewa hupenya hapo bila kupimwa na sensa, mchanganyiko wa petroli hupungua nguvu, injini huunguruma kwa kupanda na kushuka, na taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi. Mteja akirudi huambiwa kuwa sensa ya oksijeni imekufa. Hununua mpya, tatizo hubaki palepale, na safari hii analaumiwa muuza vipuri. Gari zinazopita katika mikono ya namna hii huzitambua kabla sijawasha: silikoni imefura pembezoni mwa manifoldi, vichwa vya bolti havifanani, na pahali pamoja pana tundu lisilo na kitu.

Nunua bolti kwa namba ya kipuri ya injini yako, au peleka dukani moja ya zile zilizobaki ilinganishwe urefu, nyuzi na alama ya uimara kichwani, kama vile 8.8 au 10.9. Ikaze kwa spana ya kupimia nguvu kulingana na kitabu cha gari. Shina la milimita 6 ndani ya aluminiamu kwa kawaida huhitaji kama nyutoni-mita (Nm) 10 tu, kiasi ambacho mkono uliozoea matairi huona ni kichache mno. Kabla ya hapo, ziba matundu yote matatu kwa vitambaa vikubwa vya rangi kali, uvihesabu unapoviweka na unapovitoa, na upake grisi kidogo ndani ya soketi ili kila bolti ishikwe mpaka iingie kwenye nyuzi zake.