Fungu la mirathi la milioni 18: mikarafuu, kiwanja au nyumba?

Wa alaykum salaam dada. Umeandika kwamba nyumba ya familia ya Mji Mkongwe imeuzwa, umepata fungu la shilingi milioni 18 ambalo hukulitarajia, nawe unakaa Wete. Kaka yako anataka mkodi mikarafuu Mtambile, mume wako anataka kiwanja Machomane, na wewe una nyumba yako iliyosimama kwenye lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), haijaezekwa. Rai yangu: maliza nyumba. Lakini kuna mambo ya kutangulia, na hayo mawili mengine yanataka maelezo, maana ndiko pesa za mirathi zinakopotelea hapa Pemba.

Kwanza hakikisha pesa ni yako kweli. Omba nakala ya mgao kutoka Mahakama ya Kadhi, usitosheke na karatasi iliyoandikwa barazani. Tazama kama gharama za mazishi, madeni ya marehemu na wasia (usiozidi theluthi) vilitolewa kabla ya kugawa, na kama warithi wote wametajwa, hata walio Oman au Mombasa. Kisha ulizia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama nyumba ile haikuwa wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya dini au kheri. Nyumba za wakfu Mji Mkongwe si chache, na wakfu hauuzwi kama mali nyengine. Likija kubainika baada ya mwaka, mnunuzi atawarudia nyote mliogawana. Mpaka upate jibu hilo usitumie kitu.

Wakati unasubiri, pesa isikae kwenye simu wala kwa kaka. Fungua akaunti isiyo ya riba kwa jina lako peke yako. Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) wanayo huduma ya Kiislamu, na benki nyengine pia. Bodi ya Bima ya Amana inalinda hadi shilingi milioni 7.5 kwa kila mteja katika kila benki, kwa hiyo milioni 18 ni bora zikae benki tatu. Zaka haidaiwi siku pesa inapoingia. Ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kudaiwa zaka (thamani ya gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha), na ikatimiza mwaka wa Kiislamu mikononi mwako, utatoa 25,000 kwa kila milioni iliyobaki. Muulize sheikh wako anafuata nisabu ipi, kwa sababu kwa kiasi chako jibu linaweza kubadilika kabisa. Na jamaa watakaokuja na shida zao, watengee kiasi kimoja tangu mwanzo, kikimalizika, kimemalizika.

Sasa mikarafuu. Kukodi ni kumlipa mwenye shamba kwa matunda ya msimu mmoja yakiwa bado mtini. Hatari yote inahamia kwako. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka: mti ukizaa sana msimu huu, aghlabu msimu unaofuata hupumzika, kwa hiyo kisa cha "mwaka jana shamba hili lilitoa gunia kadhaa" ni sababu ya kuogopa, si ya kulipa. Mpeleke mchumaji mzoefu akisie pishi (kipimo cha kienyeji cha karafuu mbichi) kwa kila mti. Karafuu mbichi kilo 3 hutoa kavu kama kilo 1, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya, wanapiga hesabu ya mbichi kwa bei ya kavu ya ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu. Ukishapata kilo kavu, toa ujira wa wachumaji, uchambuaji, uanikaji, majamvi, ulinzi wa usiku na gari. Mwenye shamba mimi nisingempa zaidi ya theluthi ya mauzo unayoyatarajia. Halafu kuna mvua: vuli inaweza kukukuta umeanika, na karafuu iliyokosa jua hupoteza daraja. Wachumaji wakichelewa, matumba ya karafuu hufunuka kuwa maua na thamani imekwenda. Kama kaka yako anataka, na atie pesa yake, wewe usizidishe milioni 2, kwa maandishi mbele ya sheha, kiongozi wa shehia.

Kiwanja kina mitego mingine. Ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali. Kwa sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992 unachopata ni haki ya kuitumia. Karatasi ya mauzo yenye saini ya sheha ni ushahidi mzuri, lakini si hati. Ulizia mambo haya kabla ya kutoa hata arubuni: ardhi ni ya nani na miti ni ya nani (hapa kwetu mtu anaweza kumiliki minazi au mikarafuu juu ya ardhi ya mwenziwe), kama ni sehemu ya eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambazo zina masharti yake na kuzikata vipande kienyeji ndiko kunakozaa kesi, na kama ni ya urithi, warithi wote wamesaini au ni mmoja tu anayeuza. Mipaka ipimwe mbele ya majirani. Uhamisho upite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, malipo yapite benki, na jina liwe lako. Kwa sheria ya dini mali ya mke ni ya mke. Mume mwema hatokasirika kwa hilo.

Nyumba ndiyo iliyo salama zaidi kwa sababu kiwanja kishalipwa na kuta zipo. Anza na paa, usianze na plasta. Chukua vipimo vya kenchi (fremu za mbao zinazobeba bati) kwa mafundi wawili tofauti, nunua mbao na bati zote kwa mara moja ili bei isikuponyoke katikati, na mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupanda juu. Chagua bati geji 28, ni nene kuliko geji 30, na kwa chumvi ya bahari yetu tofauti hiyo utaiona. Baada ya paa fuata milango ya nje na madirisha, halafu paipu za umeme ndani ya kuta, kisha plasta, mwisho sakafu. Fundi mlipe kwa hatua: kenchi zikisimama, bati zikimalizika, na fungu la mwisho ulishikilie mpaka mvua ya kwanza ipite bila ya kuvuja.