Wanataka "logi", mie nilishawatumia picha

SWALI: Fundi, jambo. Niko na duka la dawa hapa Kadutu. Programu ya kuuzisha inajifunga yenyewe kila nikitaka kutoa fakture. Nilipiga ekrani picha nikatuma kwa WhatsApp kwa wale walioniuzia, wako Kinshasa, wanasema picha haitoshi, wanataka faili za logi. Zinakaa wapi? Na mega zangu ni kidogo. – Mama wa duka, Bukavu

JIBU: Jambo mama. Usiwakasirikie, hapo wako na haki. Picha inaonyesha mgonjwa amelala tu, logi, ile faili mashine inaandika yenyewe kila kinachotokea na saa yake, ndiyo fishe ya nesi: homa ilipanda saa ngapi, alikuwa amemeza nini.

Toa fakture makusudi mpaka programu ijifunge, andika saa kwenye karatasi, kisha usikawie, sababu logi ikijaa mapya yanafuta ya zamani, zile za Windows kwa kawaida mwisho wake ni MB 20. Sasa bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, kubali. Mashine ya Kifaransa itafungua Observateur d'événements, ingia Journaux Windows halafu Application, tafuta alama nyekundu yenye saa yako, kisha upande wa kuume Enregistrer tous les événements sous, weka kwenye Bureau. Inatoka faili ya .evtx. Lakini hiyo ni daftari ya Windows, programu yenyewe mara nyingi iko na yake, ya .log ao .txt, iko folda gani ni wao wakuambie, waliiandika wao!

Usitume bado. Ile ya .log ifungue na Bloc-notes uangalie, programu zingine zinaandika humo majina ya wateja na hata neno la siri, na dawa za watu si habari ya kutembeza kwa WhatsApp. Ukikuta, weka xxx pale, usifute mstari mzima. Kisha Envoyer vers, Dossier compressé: logi ni maneno yaleyale yanajirudia, itapungua sana, mega zitapona.

Na saa, mama, saa! Andika 10:15 ya Bukavu, si "saa ine na robo". Siye tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na .evtx fundi wao akiifungua kule inamuonyesha saa ya kwake, 9:15. Usipomuambia atatafuta 10:15, hataona kitu, atakujibu mashine yako ni nzima.