Maswali na majibu: Jina Dara na mwaloni wa Ayalandi

Tangu nilipolitaja jina Dara kuwa jina la Kiayalandi linalofaa mtoto wa kiume na wa kike, wasomaji wameniletea maswali, na haya nayajibu leo.

Swali: Dara ni "mwaloni" au ni "mwana wa mwaloni"? Nimesoma maana zote mbili.

Jibu: Mwaloni, mti ambao wasomaji wa Biblia wanaukumbuka kwa mialoni ya Mamre alikokaa Abrahamu, kwa Kiayalandi huitwa "dair". Zamani, neno hilo likitumika kuonyesha kwamba kitu ni cha mti huo, liligeuka kuwa "dara". Kwa hiyo Mac Dara ni mwana wa mwaloni, na neno Mac lilipoachwa likabaki "wa mwaloni" peke yake. Umbo hilohilo limo katika Cill Dara, mji ambao Waingereza huuandika Kildare, maana yake kanisa la mwaloni, ambalo kwa mapokeo lilianzishwa na Mtakatifu Brigid.

Swali: Ni nani aliyelipa jina hili heshima?

Jibu: Ni Mtakatifu Mac Dara, mtawa anayehesabiwa kuwa wa karne ya 6, ambaye kisiwa chake kidogo kipo karibu na kijiji cha Carna, katika pwani ya Galway, magharibi mwa Ayalandi. Juu yake limesimama kanisa dogo la mawe la karne ya 12, na ukilitazama kwa mbele utaona kwamba kuta za ubavuni zimetokeza na kupanda hadi kwenye kilele cha paa, kwa kuiga nguzo za makanisa ya mbao yaliyolitangulia. Wenye mashua za matanga za huko wana desturi ya kushusha tanga mara tatu wanapopita mbele ya kisiwa kwa kumheshimu mtakatifu huyo, na kila tarehe 16 Julai watu huvuka bahari kwenda kusali misa pale. Mtu wa pwani yetu, anayejua kushusha tanga ni kazi gani upepo ukiwa mkali, atautambua uzito wa heshima hiyo.

Swali: Mbona jina lenye "mwana" ndani yake linapewa wasichana?

Jibu: Kwa sababu Mac ndilo lililotaja uana wa kiume, na halipo tena. Nchini Ayalandi bado wavulana ndio wengi, kama mchekeshaji Dara Ó Briain, ila Marekani jina hili limezoeleka zaidi kwa wanawake. Kwa maoni yangu, msichana ana haki nalo kamili.

Swali: Mume wangu anasema Dara ni jina la Kiajemi. Nani mkweli?

Jibu: Nyote wawili. Dara ya Kiajemi humaanisha mwenye mali, na ndilo jina la mwanamfalme Dara Shikoh wa India, aliyeuawa mwaka 1659. Ni jina jingine lenye sauti ileile tu, halina uhusiano na mwaloni, na ninyi mna bahati ya kumpa mtoto mmoja maana mbili.

Swali: Tunangoja mtoto na hatujajua kama ni wa kiume au wa kike. Tuandike Dara au Darragh?

Jibu: Andikeni Dara. "Gh" ya mwisho haitamkwi, na mtoto atakuwa akimsahihisha kila mwalimu mpya, hali Dara husomwa kama ilivyoandikwa. Zaidi ya hayo, Darragh ni la wavulana hasa, na ninyi mmesema hamjajua mtakayempata.