Sangara amewashwa au imewashwa?

SWALI: Nimetengeneza kiendelezi (programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari) cha Chrome kinachopigia mstari mwekundu maneno ya Kiswahili yaliyokosewa tahajia. Nimekiita Sangara, na picha yake ni samaki huyo. Mtu akikiwasha, ujumbe useme "Sangara amewashwa" au "imewashwa"? Na picha hiyo niiite aikoni au nembo? (Msomaji, Kirumba, Mwanza)

JIBU: Andika "Sangara imewashwa". Sangara anayeshushwa hapo kwenye soko la samaki la Mwaloni ni kiumbe, kwa hiyo amevuliwa, amepimwa, ameuzwa. Jina lake likihamia kwenye kitu kisicho na uhai, upatanisho nao unahama. Wapenzi wa mpira hawakosei hili: simba amekula mbuzi, lakini Simba imefunga mabao mawili, maana nyuma ya jina kuna timu. Nyuma ya Sangara yako kuna programu. Tena "amewashwa", kwa kiumbe, humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye ngozi inayowasha.

Ukitanguliza aina ya kitu, aina hiyo ndiyo inayotawala: "Kiendelezi cha Sangara kimewashwa", kama tunavyosema Mkoa wa Mwanza umepata mvua.

Hapa ndipo watengenezaji wengi wanapokwama. Wanaandika sentensi moja yenye pengo, "___ imewashwa", halafu programu inajaza jina lolote. Ikiingia "Kamusi", sawa. Ikiingia "Kiendelezi" au "Mapendekezo", unapata "Kiendelezi imewashwa" na "Mapendekezo imewashwa", na chombo cha kusahihisha Kiswahili kinakosea mbele ya mtumiaji wake. Andika kila ujumbe mzima, peke yake, kwenye faili la ujumbe la Kiswahili (folda yake ni sw). Ni kazi ya nusu saa, na inalipa.

Jina "Sangara" peke yake halimwambii mgeni chombo kinafanya nini, na anayetafuta atakuwa ameandika "tahajia". Kwenye duka la viendelezi la Chrome weka "Sangara: Kikagua Tahajia ya Kiswahili". Hizo ni herufi 37 pamoja na nafasi, na Chrome inaruhusu hadi 75. Kwa jina fupi, ambalo inashauriwa lisizidi herufi 12, "Sangara" linatosha. Ni kikagua, si kikaguzi, kwa sababu kitendwa (kile kinachotendewa) kinafuata: kifungua kinywa, kikagua tahajia. Likisimama peke yake, kikaguzi ni sawa.

Picha ya kubofya ni aikoni: aikoni hii, aikoni hizi. Wengine huandika ikoni; chagua moja usiibadilishe. Nembo ni ya taasisi, timu au kampuni, kwa hiyo ukianzisha kampuni utakuwa na nembo yake na aikoni ya kiendelezi, vitu viwili.

Kuhusu mchoro wenyewe, tengeneza faili za picha za PNG zenye pikseli 16, 32, 48 na 128 kila upande. Ile ya 128 ya dukani, mchoro ukae ndani ya 96 kwa 96, na pikseli 16 kila upande zibaki wazi. Ya 16 ichore upya. Ukiipunguza tu kutoka kubwa, miiba ya pezi la mgongoni inageuka vumbi, na hata mvuvi hatamtofautisha sangara na sato. Bakiza umbo la mwili na mkia wa mviringo. Chini yake weka mstari mwekundu wa mawimbi: ni ule ule unaoonekana chini ya neno lililokosewa, na hapo hapo ni maji ya ziwa. Kwenye pikseli 16 mawimbi mawili yanatosha, unene wa pikseli 2; ukiweka manne yanashikana kuwa ukanda. Usiandike neno lolote ndani, halitasomeka. Mwili usiuchore kwa rangi nyeusi tupu, kwa sababu anayetumia kivinjari chenye mandhari meusi ataona wimbi tu, samaki hamwoni.